Sumaku katika vibete vyeupe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukikaa na watu usiku wenye anga safi, ukawaambia kuwa nyota ikifa huacha mpira mdogo wenye sumaku kali kuliko mashine yoyote duniani, maswali yanayofuata huwa ni yaleyale. Yamekusanywa hapa. Anayeanza leo asome kutoka juu. Anayejua tayari kibete cheupe ni nini aruke hadi sehemu ya tatu, ndiko wataalamu wenyewe wanakobishana.

## Mambo ya msingi

Kibete cheupe ni nini hasa?

Ni kiini kinachobaki nyota ya kawaida inapomaliza fueli yake. Nyota iliyozaliwa na masi isiyozidi takriban mara 8 ya Jua huishia hivyo: huvimba ikawa jitu jekundu, hupuliza matabaka yake ya nje angani, na katikati hubaki mpira ambao mara nyingi ni wa kaboni na oksijeni, uliofunikwa na utando mwembamba wa heli au hidrojeni. Ndani yake hakuna tena moto wa nyuklia. Unang'aa kwa joto la akiba tu, kama mafiga yanayobaki ya moto baada ya kuni kuondolewa, na hupoa polepole kwa mabilioni ya miaka.

Kibete cha kawaida kina takriban asilimia 60 ya masi ya Jua, lakini ukubwa wake ni kama wa Dunia. Kwa hiyo kijiko cha chai cha maada yake kina masi ya tani kadhaa. Kinachokizuia kisiporomoke ni elektroni zake, ambazo hukataa kubanwa kupita kiasi fulani. Subrahmanyan Chandrasekhar, kijana wa miaka 19 aliyekuwa melini kutoka India kwenda Uingereza mwaka 1930, alipiga hesabu akaona kuwa ukaidi huo wa elektroni una mwisho: kibete hakiwezi kuzidi takriban masi 1.4 za Jua. Hesabu hiyo ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1983.

Naweza kukiona kwa macho?

Kwa macho matupu, hapana. Kilicho karibu zaidi nasi ni Sirius B, mwenzi mdogo wa Sirius, ile nyota ing'aayo kuliko zote usiku, ambayo wengine huijua kwa jina la Kiarabu, Shiira. Kiko umbali wa miaka ya nuru 8.6, lakini mng'ao wa mkubwa wake unakimeza. Friedrich Bessel alikihisi mwaka 1844 kwa kuona Sirius ikiyumba, na hakuna aliyekiona hadi Alvan Graham Clark mwaka 1862.

Mwenye darubini ndogo atapata rahisi zaidi 40 Eridani B, katika kundinyota la Nahari, umbali wa miaka ya nuru 16 hivi. Angalizo: viwili hivi si vile vya sumaku kali. Vyenye sumaku kali ni hafifu kwa jicho, na kwa darubini ya nyumbani vyote ni nukta tu. Sumaku haionekani, inasomwa ndani ya mwanga, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya pili.

Ni sumaku ya chuma, kama ile ya kwenye spika?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukwama. Sumaku ya spika hutegemea mpangilio wa atomu ndani ya kitu kigumu, na ukiipasha moto sana hupoteza nguvu. Kibete cheupe hakina chuma cha kutosha kwa kazi hiyo, na ndani yake kuna joto la mamilioni ya nyuzi.

Uga wake wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika, unatokana na mikondo ya umeme inayozunguka ndani. Maada iliyobanwa namna ile hupitisha umeme vizuri mno, kiasi kwamba mkondo ukishaanza hauna haraka ya kuisha. Uga mkubwa wa kibete unahitaji muda wa takriban miaka bilioni 10 ili ufifie wenyewe, karibu sawa na umri wa ulimwengu mzima. Sumaku ikishaingia humo, imeingia.

Nguvu yake ni kiasi gani?

Tutumie gausi, kipimo ambacho wanaastronomia wamekizoea (gausi 10,000 ni tesla 1). Uga wa Dunia unaogeuza sindano ya dira ni karibu nusu gausi. Kisumaku cha kubandika kwenye friji kina makumi ya gausi. Madoa ya Jua hufika gausi 3,000 hivi. Mashine ya MRI ya hospitalini kwa kawaida ina gausi 15,000, na hiyo tayari hunyakua mtungi wa oksijeni kutoka mikononi mwa mtu. Sumaku zenye nguvu kuliko zote zinazoweza kuwashwa mfululizo maabarani ziko kwenye gausi 450,000 hivi.

Vibete vyeupe vinaanzia gausi elfu kadhaa na kupanda hadi karibu bilioni 1. Hiyo ni tofauti ya mara laki kadhaa baina ya nyota za aina moja, na mpaka leo hakuna maelezo mamoja yanayozikusanya zote.

Ni vingi vyenye sumaku, au ni vya nadra?

Vitabu vya zamani vitakuambia asilimia chache tu. Kosa halikuwa katika kupima, lilikuwa katika kuchagua. Ukipiga picha anga na kuorodhesha vibete ving'aavyo, utapata vya moto na vijana kwa wingi, maana ndivyo vinavyoonekana kirahisi. Stefano Bagnulo na John Landstreet walifanya tofauti: walichukua karibu vibete vyote vilivyo ndani ya miaka ya nuru 65 hivi kutoka kwetu, vya moto na vya baridi, bila kubagua, wakavipima kimoja kimoja. Matokeo yao ya mwaka 2021: zaidi ya kimoja katika kila vitano kina uga wa sumaku.

Tofauti kati ya "asilimia chache" na "kimoja kwa vitano" ndiyo ufunguo wa sehemu ya tatu. Vile vilivyokuwa vikiachwa nje ya hesabu ni vizee.

## Tunajuaje, na hakuna aliyefika huko?

Mwanga unawezaje kubeba habari za sumaku?

Kila elementi hufyonza rangi zake maalumu, na katika mwanga wa nyota uliotandazwa kwa rangi tunaona mistari myeusi mahali pa rangi hizo. Mwaka 1896 Mholanzi Pieter Zeeman aligundua kuwa chanzo cha mwanga kikiwekwa ndani ya uga wa sumaku, mstari mmoja hugawanyika kuwa kadhaa. Kadiri uga unavyokuwa mkali, ndivyo mistari inavyoachana.

Kwa mstari mwekundu wa hidrojeni, kila gausi milioni 1 husogeza mistari ya pembeni karibu nanomita 2 kila upande. Ukiona mitatu badala ya mmoja, unachukua rula, unapima, na jibu umelipata. Hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya hesabu hiyo.

Na uga ukiwa dhaifu, mistari isiachane vya kutosha?

Hapo hutumika upolarishaji, yaani namna wimbi la mwanga linavyotetema. Penye uga wa sumaku, sehemu ya mwanga hutoka ikiwa imesokotwa, kulia au kushoto, kama kamba. Kifaa cha kutenganisha misokoto hiyo miwili, kikifungwa kwenye darubini kubwa kama VLT iliyoko Paranal nchini Chile, kinaweza kunasa uga wa gausi elfu moja au mbili kwenye kibete kinachong'aa vya kutosha.

Cha kwanza kiligunduliwa lini?

Mwaka 1970. Jina lake ni la kukatisha tamaa, Grw +70°8247, lakini kisa chake ni kitamu. Tangu miaka ya 1930 ilijulikana kuwa nyota hii ina mikanda ya ajabu katika mwanga wake, isiyolingana na elementi yoyote. Wengine walidhani ni kemia ngeni.

Kisha James Kemp wa Chuo Kikuu cha Oregon, ambaye alikuwa ameonyesha maabarani kuwa kitu cha moto kilichowekwa ndani ya uga wa sumaku hutoa mwanga uliosokotwa, aliungana na John Swedlund, Landstreet na Roger Angel kuielekezea darubini. Mwanga wake ulikuwa umesokotwa kweli. Landstreet huyo ndiye yuleyule wa hesabu ya 2021, miaka hamsini baadaye. Kuna watu hawachoki.

Mikanda yenyewe ilisubiri hadi katikati ya miaka ya 1980, kompyuta zilipoweza kukokotoa atomu ya hidrojeni iliyo ndani ya uga wa mamia ya mamilioni ya gausi. Ikabainika kuwa haikuwa elementi ngeni. Ilikuwa hidrojeni ya kawaida, mistari yake imesukumwa mbali na mahali pake hata haitambuliki.

Hidrojeni hufanywa nini huko hata isitambulike?

Katika atomu ya kawaida, anayetawala ni mvuto wa umeme kati ya kiini na elektroni. Sumaku ni mgeni tu. Uga ukikaribia gausi bilioni 2 hivi, mgeni anakuwa na nguvu sawa na mwenye nyumba. Elektroni hubanwa kutoka pembeni, na atomu iliyokuwa mviringo hurefuka kama sigara, ikifuata mwelekeo wa uga. Hesabu za kinadharia zinaonyesha kuwa hata atomu za heli, ambazo huku kwetu hazishikani na yeyote, zingeweza kuungana katika hali hiyo. Hakuna maabara duniani inayoweza kulijaribu hilo.

## Sumaku inatoka wapi?

Si nyota imesinyaa tu, uga wake ukabanwa?

Hilo ndilo jibu la kale, na si la kipuuzi. Ndani ya maada inayopitisha umeme vizuri, uga huwa kama umegandishwa humo: nyota ikisinyaa, uga nao husongamana. Kipenyo kikipungua mara 100, uga huongezeka mara 10,000. Kuna nyota za kawaida zenye nyuga za gausi elfu kadhaa, moja hufika 34,000. Zibane, na unapata mamilioni ya gausi bila jasho.

Tatizo ni umri. Kama sumaku ingekuwa urithi wa mzazi, ingeonekana tangu kibete kinapozaliwa, kingali moto. Lakini vibete vichanga vyenye masi ya kawaida karibu vyote havina uga wa kupimika. Unaanza kuonekana baada ya mamia ya mamilioni ya miaka, na huwa wa kawaida zaidi baada ya miaka bilioni 2 au 3. Mzee ana kitu ambacho kijana hana. Urithi gani huo unaokuja uzeeni?

Basi unatoka wapi?

Jibu linaloelekea ni kwamba njia ziko zaidi ya moja, na masi ya kibete ndiyo inayodokeza ni ipi.

Vibete vizito kupita kawaida mara nyingi vina sumaku kali tangu ujana na huzunguka kwa kasi. Hivyo yaelekea vilizaliwa kwa nyota mbili kugongana na kuwa moja. Mgongano huvuruga na kuzungusha maada, na vurugu pamoja na mzunguko ndiyo mapishi ya dainamo: kitu kinachopitisha umeme kikizungushwa ndani ya uga mdogo, huukuza. Dainamo ya baiskeli hutumia mwendo huohuo kuwasha taa. Mfano ulio wazi ni ZTF J1901+1458, uliotangazwa mwaka 2021: masi yake ni zaidi ya 1.3 za Jua, nusukipenyo chake ni kilomita 2,140 hivi, yaani kimeuzidi Mwezi kidogo tu. Hujizungusha kila baada ya dakika 7, na uga wake ni kati ya gausi milioni 600 na 900.

Vibete vya kawaida ni habari nyingine. Hivi vinapopoa, kiini chao huganda kikawa fuwele. Jambo hilo lilitabiriwa miaka ya 1960, na satelaiti ya Gaia ikaleta ushahidi uliochapishwa mwaka 2019. Sehemu inayoganda ina oksijeni nyingi na huzama. Kimiminika kinachobaki juu yake kina kaboni zaidi, ni chepesi, nacho hupanda. Kupanda na kushuka huko hukoroga kiini kama uji jikoni, na kibete kikiwa kinazunguka, dainamo inawaka. Dunia yetu hupata sumaku yake kwa namna inayofanana: kiini chake cha ndani kinaganda polepole na kukoroga chuma kilichoyeyuka kinachokizunguka. Waliolipendekeza hili kwa vibete, mwaka 2017, walikuwa kundi la Jordi Isern.

Mimi naona hoja ya kuganda ni nzuri kuliko zote kwa sababu inajibu swali la umri moja kwa moja. Lakini haijamaliza kazi. Baadhi ya vibete vina uga kabla hesabu hazijaruhusu kiini kuanza kuganda, na wapo wanaosema mkorogo huo ni wa polepole mno kuweza kuzaa mamilioni ya gausi. Isitoshe, uga uliozaliwa kiinini unahitaji muda mrefu kupenya hadi juu. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya tunayoyaona ni uga wa kale uliofichwa ndani na mzazi, unaochomoza tu sasa. Yaani jibu la kale limerudi kwa mlango wa nyuma.

Uga unabadilisha umbo la nyota?

Karibu hapana. Hata gausi bilioni 1 kwenye uso wake ni msukumo mdogo ukilinganishwa na shinikizo la ndani. Kinachoathirika ni ngozi: gesi ya juu hushindwa kuchemka na kujigeuza, na joto na elementi huweza kusambaa bila usawa, hivyo kibete kinapozunguka mng'ao wake hupanda na kushuka. Ndivyo mara nyingi tunavyojua urefu wa siku yake.

## Vibete vyenye jirani

Kibete chenye sumaku kikiwa na nyota jirani, nini hutokea?

Kwa kawaida kibete kinachonyonya gesi ya jirani huizungushia kwenye sahani kabla haijaanguka. Penye uga mkali, sahani haipati nafasi ya kuundika. Gesi hushikwa na mistari ya uga, ikaporomoka moja kwa moja juu ya ncha za sumaku kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, ikatoa eksirei. Mfano wa kwanza ni AM Herculis: ilijulikana kwa miongo kadhaa kama nyota inayobadilika mng'ao, hadi Santiago Tapia alipokuta mwanga wake umesokotwa, mwaka 1976. Uga wake ni gausi milioni 14 hivi, na nyota hizo mbili huzungukana kila baada ya saa 3 na ushee, nyuso zao zikiwa zimefungiana kama watu wanaocheza wameshikana mikono.

Uga ukiwa dhaifu zaidi, sahani huvunjika katikati tu na kibete huzunguka kivyake, kwa kasi. DQ Herculis, iliyolipuka kama nova (nyota inayong'aa ghafla kwa mlipuko) mwaka 1934, ina mpigo wa sekunde 71.

Nimesikia kuna "pulsa ya kibete cheupe". Si pulsa ni za nyota za nyutroni?

Pulsa ni nyota inayozunguka na kututumia mipigo ya mwanga au redio kwa vipindi sawa, na nyota ya nyutroni ni mabaki ya nyota kubwa, yaliyobanwa kuliko hata kibete cheupe. Kwa miaka mingi pulsa zote zilizojulikana zilikuwa za nyota za nyutroni. Kisha ikaja AR Scorpii, katika kundinyota la Nge, umbali wa karibu miaka ya nuru 380, iliyotangazwa mwaka 2016 baada ya wanaastronomia wa ridhaa kuona kuwa mng'ao wake hauendi inavyopaswa. Kibete chake hujizungusha chini ya dakika 2, na kila mzunguko hupiga nyota nyekundu jirani yake, ambayo huwaka kuanzia mawimbi ya redio hadi urujuanimno. Upimaji uliosaidia kuthibitisha kuwa ni sumaku ulifanywa Afrika, kwenye kituo cha Sutherland nchini Afrika Kusini, ambako mwanga wake ulikutwa umepolarishwa kwa hadi asilimia 40.

Mwaka 2025 ikaongezeka ILT J1101+5521, inayotuma mpigo wa redio kila baada ya saa 2 hivi. Humo pia kuna kibete cheupe na nyota nyekundu.

Na kama jirani ni sayari?

Kibete chenye sumaku huweza kuirarua sayari ndogo na kula mabaki. Mwaka 2024 kundi la Bagnulo lilionyesha kuwa kwenye WD 0816-310 metali zilizomezwa hazikutapakaa usoni kote. Uga ulizielekeza sehemu moja, zikaacha kitu kama kovu.

## Maswali ya pembeni

Je, vinaweza kutudhuru?

Hapana. Uga wa sumaku hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukiwa mbali mara 10, unakuwa dhaifu mara 1,000. Tuseme Jua limeondolewa na mahali pake pakawekwa kibete chenye gausi bilioni 1. Kwa hesabu hiyo, hapa Duniani ungefika takriban sehemu moja ya elfu kumi ya gausi. Dira yako isingetikisika. Tungekufa kwa baridi kwanza, ila hilo ni shauri lingine.

Vina tofauti gani na magneta?

Magneta ni nyota za nyutroni: kipenyo cha kilomita 20 hivi tu, na uga wa gausi trilioni 100 na zaidi. Kibete chenye sumaku kali kuliko vyote ni dhaifu mbele yake kwa angalau mara 100,000.

Je, sumaku inaweza kukiruhusu kibete kuvuka kikomo cha Chandrasekhar, zile masi 1.4 za Jua?

Wapo waliopendekeza hivyo, kwa kudhani kuwa ndani kumefichwa uga mkubwa kwa mamia ya maelfu ya mara kuliko unaoonekana juu. Wengi wana shaka kama mpangilio huo unaweza kutulia. Nyuga tunazozipima juu hazitoshi hata kidogo.

Jua letu nalo litakuwa hivyo?

Kibete cheupe litakuwa: litaanza kuvimba baada ya takriban miaka bilioni 5, kisha liishie hivyo. Litakuwa cha masi ya kawaida, bila jirani wa kugongana naye, kwa hiyo njia ya mgongano tuiondoe. Inabaki ile ya uzeeni: kiini kupoa, kuanza kuganda, na pengine, mabilioni ya miaka baada ya kifo chake, sumaku kuchomoza juu.